Mwarobaini Ulikuwa Mzima

Nianze na hili kabisa, nisije nikajisafisha katikati ya maneno: mti ule niliuua mimi. Kindi ndiye aliyepanda na ndiye aliyeshika chenso, ule msumeno wa injini, lakini Kindi ni mdogo wangu, tumbo moja, na hajawahi kukata hata kitawi kabla mimi sijasema kata. Nilisema kata.

Kazi yangu ni miti ya majumbani. Sizungumzii bustani, maua yana watu wake. Mimi naitwa pale mti wa mtu umefika umri, umelipita paa la nyumba, na mwenye nyumba hapati usingizi upepo ukivuma. Hapo ndipo tunapokuja, mimi na Kindi, na kamba, misumeno na ngazi. Tunaupunguzia mti mzigo juu, tunatoa matawi makavu, tunafungua waya ambao mtu aliufunga miaka kumi iliyopita aanikie nguo akausahau, mpaka gome limeumeza. Mitaa hii ya nyumba zenye ua ina miti mizuri na wenye miti wasiojua wana nini. Mmoja amemwaga sementi mpaka kwenye shina, mti hauna pa kunywea maji, halafu ananiuliza mbona majani yanapukutika. Mwingine amepigilia kibao cha "Mbwa Mkali" kwa misumari sita, na mbwa mwenyewe hata meno hana. Nikiona mambo hayo nagomba, na watu wamenizoea. Wananiita Daktari, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, na mimi nilikuwa napokea yote.

Jina hilo nililipata kwa sababu ya nyundo. Nyundo yangu ni ya mti mtupu, niliichonga mwenyewe nilipoanza kazi. Mti ukikutia shaka unaugonga shina kidogo kidogo kuanzia chini, unazunguka, unapanda kadiri mkono unavyofika, na unasikiliza. Shina zima hujibu kwa mlio mkavu, wa juu kidogo, ngo, ngo, kama mtu anabisha mlango wa mbao nzuri. Shina lililooza ndani hutoa mvumo mzito, bu, bu, na hapo unajua umegonga ganda tu. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo.

Kindi yeye alinunua drili yenye ncha ndefu, nyembamba. Akaniambia mafundi wengine siku hizi wanatoboa kitundu kidogo na kutazama unga unaotoka: ukiwa mkavu wenye rangi ya mbao, mti mzima, ukiwa wa majimaji na mweusi mweusi, kuna uozo. Nikamwambia mimi si seremala. Kila kitundu ni kidonda, nikasema, na kidonda ni mlango wa wadudu, nikamtolea hotuba mbele ya mwenye nyumba mpaka akaona aibu kwa niaba ya drili. Tangu siku hiyo ikawa inakaa chini ya kiti cha gari.

Sasa Bi Mkunga. Ni mkunga mstaafu; nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, na wanangu wawili wamo. Ni mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Upande wa magharibi wa nyumba hiyo, hatua sita kutoka dirisha la chumba chake cha kulala, palikuwa na mwarobaini ambao watu wazima wawili wakiukumbatia vidole vyao vilikutana kwa shida. Jua la mchana likija upande ule lilikuwa linaishia kwenye majani. Niliuhudumia mti ule kila baada ya mwaka mmoja, na kila nikimaliza Bi Mkunga alikuwa anaukagua kama mzazi aliyempeleka mtoto kinyozi. "Umemnyoa sana upande huu," ananiambia. Nami namjibu, "Zitaota, mama."

Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, mfanyakazi wa bima, na nadhani kazi hiyo imemfanya aone kila kitu duniani kinakaribia kuanguka. Si mtu mbaya. Alikuwa anataka mama yake ahamie kwake, upande wa pili wa mji, na mama hataki. Walibishana mwaka mzima. Halafu mvua zikanyesha, uyoga ukaota chini ya mwarobaini, mwana akauona, akapata la kusema.

Jumamosi asubuhi tukawakuta wamekaa barazani, kila mmoja ametazama upande wake, chai imepoa mbele yao.

"Fundi, mwambie mama ukweli," mwana akaanza kabla hata hatujasalimiana vizuri. "Huo uyoga ni dalili. Mti ukimwangukia amelala humo ndani, mimi nitaishi vipi?"

"Acha kumfundisha kazi," Bi Mkunga akasema. Akanigeukia. "Mwanangu, leo tulimalize hili jambo. Kagonge mti wangu, unisikilizie. Ukisema mzima, huyu asinifungulie mdomo tena habari ya kuhama, nakaa kwangu mpaka nife. Ukisema umeoza, ukate, na mimi nafungasha naenda kwake. Tumeshakubaliana."

"Mama, hayo ni mambo mawili tofauti," nikamwambia.

"Nimeshasema. Nenda."

Alisema akitabasamu, maana alijua atashinda. Aliuamini mti wake na aliniamini mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Hapa lazima niseme habari ya sikio langu, ingawa sipendi. Miaka ishirini na sita ya chenso inanguruma begani, na vile vifuniko vya masikio wanavyovaa vijana nilikuwa navicheka, namuuliza Kindi kama anasikia baridi. Sikio la kushoto likaanza kufa polepole, na la kulia likaanza kulifuata. Kwanza nilidhani mke wangu ameanza kunong'ona. Nikamgombeza kabisa, nikamwambia aache kuongea na kifua chake. Watoto wakawa wanapunguza televisheni, nami naongeza, wanapunguza, naongeza, kila mtu kanuna. Barabarani mtu ananiuliza habari za nyumbani, namjibu kwamba nitakuja Alhamisi. Sikwenda kwa daktari. Nikawa nachagua kiti cha kukaa ili mtu awe kulia kwangu, basi.

Na kwenye miti, kwa miaka miwili hivi, nikawa nakutana na uozo kila ninapogonga. Bu, bu, nyumba hii. Bu, bu, nyumba ile. Kindi aliniuliza siku moja, "Kaka, hii yote imeoza?" Nikamwambia kuna ugonjwa umeingia mitini, mvua zimebadilika. Nikawa naueleza ugonjwa huo kwa wenye nyumba, na jinsi unavyoanzia kwenye mizizi, nami nauamini huku nauzungumza. Na kwa kuwa sisi ni watunzaji na si wakataji, nikishatoa neno langu wenye nyumba waliita watu wa mbao waje wauangushe mti wauchukue. Visiki sikuviona hata kimoja.

Basi nikaugonga mwarobaini wa Bi Mkunga. Chini, bu. Kulia, bu. Nikazunguka upande wa uyoga, bu. Nikanyoosha mkono juu, bu ile ile. Na hapo, nikiwa nimeipa nyumba mgongo, niliingiwa na shaka. Uozo una mpaka. Kila fundi wa miti anajua hilo: unagonga unasikia unapoanzia na unapoishia. Mti uliosimama na majani mabichi hauwezi kutoa mlio mmoja kutoka mizizi mpaka mabegani kama umeoza. Nilijua. Kindi akaja karibu, upande wa sikio zuri, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nilete drili?" Hilo nilisikia vizuri. Nikamkata jicho.

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu, sisikii vizuri. Watu watatu walikuwa wananitazama. Nikarudi barazani, nikafuta nyundo kwa kitambaa kama ninavyofanya siku zote, nikasema, "Umeoza, mama. Pole."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilichelewa kidogo. "Una hakika?"

"Miaka ishirini na sita, mama," nikamjibu. Hakuniuliza miaka, aliniuliza hakika, lakini alikubali.

Watu wa mbao alikataa wasikanyage uani kwake. Alitaka tuukate sisi, taratibu, na siku hizo mbili akaenda kwa mwanawe asione. Tukaanza Jumanne. Kindi akapanda, akawa anashusha matawi kwa kamba moja moja. Saa nne hivi akapiga kelele kutoka juu kwamba mbao ya huko ni nzima. Nikampigia kelele na mimi kwamba juu huwa pazima, ugonjwa uko chini. Jumatano mchana likabaki shina. Chenso ikahangaika. Kindi akasimama kunoa mnyororo mara mbili, na unga uliokuwa unatoka ulikuwa mkavu, mwekundu kidogo, unanuka kama kitunguu saumu, harufu ya mwarobaini ulio hai. Nikaacha kumtazama usoni.

Shina lilipolala, Kindi akazima mashine. Kisiki kilikuwa safi kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na tundu la kuingiza hata kidole. Nikachukua jembe, nikachimba pale penye uyoga, nikatoa vipande vya mbao za banda la kuku la zamani vilivyofukiwa ardhini. Uyoga ulikuwa unakula banda la kuku.

Kindi hakusema nilikwambia. Afadhali angesema. Aliokota nyundo yangu, akaligonga lile gogo, gogo ambalo wote wawili tulikuwa tunaliona kwa macho kwamba ni zima.

"Unasikiaje?" akaniuliza.

"Bu."

Akagonga tena. "Mimi nasikia ngo, kaka. Inalia kabisa." Akaiweka nyundo chini. "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu kitambo. Akakaa juu ya gogo, akavua glavu, akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba ambazo tumepita katika ile miaka miwili. Zilikuwa tisa ambazo nilitoa neno la kukata, bila kuhesabu hii. Nikamwambia anyamaze. Halafu nikafanya jambo la kijinga kuliko yote: nikachukua koleo nikakifukia kisiki kwa udongo na unga wa mbao, nikausawazisha na kuushindilia vizuri, kazi safi.

"Utamwambia?" Kindi akauliza.

"Nitamwambia."

Wiki mbili zikapita. Kila asubuhi nilikuwa namwambia leo, na kila jioni nilikuwa na sababu. Halafu Ijumaa moja simu ikalia, nikaiweka sikio la kulia, nikamsikia Bi Mkunga ananishukuru. Alisema kesho anahama. Alisema amelia kidogo lakini afadhali kujua kuliko kuuawa na kitu ulichokipenda, na kwamba jirani zake wawili wanataka niende kuwagongea miti yao, amenisifia sana. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia Kindi tunakwenda.

Lori lilikuwa getini, limejaa nusu. Nilimkuta chumbani kwake, anakunja mashuka. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, kimeegemezwa ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu, na jua lilikuwa limeingia chumba kizima, sakafu inawaka. Alikuwa ametundika kanga mbili juu ya pazia na bado hazikusaidia kitu.

"Karibu, Daktari," akasema. "Unaona joto hili? Sikujua kama nyumba yangu ina joto hivi."

"Mama," nikasema, "mti ulikuwa mzima."

Aliendelea kukunja shuka lile mpaka likaisha. Akaliweka juu ya mengine, akakaa kwenye sanduku la nguo. Nikamweleza. Nikamweleza sikio, chenso, kisiki nilichokifukia, banda la kuku. Nilieleza sana habari ya sikio. Nilimwambia limeharibika polepole, mtu hajui, nyundo ni ile ile na mkono ni ule ule. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja," akasema. "Tulikuwa na kile kipembe cha kusikilizia, unakiweka juu ya tumbo la mama, unatafuta moyo wa mtoto. Kuna siku unaweka sikio husikii. Unajua nilikuwa nafanya nini nikikosa kusikia?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa namwita mwenzangu, namwambia njoo usikilize wewe, mimi sisikii. Hata kama ni msichana wa juzi tu. Na mama wa watu amelala pale ananitazama." Akanikazia macho. "Siku ile ulipougonga, ulijua kuna kitu hakiko sawa?"

Ningeweza kusema hapana. Nilishadanganya mengi, moja lingeongeza nini. "Nilijua," nikasema. "Mlio ulikuwa mmoja kila mahali. Uozo hauko hivyo. Na Kindi alitaka kuleta drili."

"Basi usinitajie sikio."

Nikageuka. Mwanawe alikuwa mlangoni, sijui alifika saa ngapi, ameshika maboksi mawili. Nilitegemea anirukie, na ningemwacha anirukie. Lakini alimtazama mama yake, akasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, basi tushushe vitu. Makubaliano hayapo tena. Ulishinda."

"Nishushe niweke wapi?" akamjibu. "Mchana chumba hiki hakikaliki, na kile cha pili ndicho hicho hicho. Na nilisema nitakaa na mti wangu. Uko wapi?" Akainuka kutoka kwenye sanduku. "Tuondoke tu, mwanangu. Nimechoka kubishana."

Yule mtu wa bima, aliyeupata ushindi alioutaka mwaka mzima, akayaweka maboksi chini akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama pale kwenye udongo nilioushindilia, mikono kichwani.

Bi Mkunga akaniuliza nimekata mingapi. Nikamwambia tisa, na wake wa kumi. "Hao tisa wanajua?" Nikamwambia hapana. "Waambie. Usipeleke mtu, nenda mwenyewe." Kisha akanipa rundo la mashuka nipeleke kwenye lori, nikalipeleka. Mimi na Kindi tulipakia vitu vyote vilivyobaki, na hakuna aliyetuzuia wala kutushukuru.

Lori likatangulia kuwashwa, likawa linanguruma pale getini. Yeye akapanda gari la mwanawe, akafungua kioo. Niliinama kumuaga, na kwa jinsi gari lilivyosimama, yeye alikuwa kushoto kwangu. Akanishika mkono, akasema jambo. Halikuwa jambo fupi, midomo yake ilikwenda kwa muda, na macho yake yalikuwa yamelowa, lakini ya hasira au ya kitu kingine, sikuweza kujua. Sikusikia hata neno moja. Nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama kidogo, akaitikia na yeye, akapandisha kioo, wakaondoka.

"Amekwambia nini?" Kindi akaniuliza. Yeye alikuwa nyuma ya lori anafunga kamba.

"Sijasikia," nikamwambia.

Nimeshakwenda nyumba sita kati ya zile tisa. Mmoja alinifukuza, mmoja alicheka akidhani natania, wengine walitazama tu mahali mti ulipokuwa. Kwa daktari nimekwenda, amesema kilichokwenda hakirudi. Kindi ndiye anayepima miti sasa, kwa drili, na mimi nashika kamba chini na vifuniko vya masikio kichwani, ingawa sijui vinalinda nini.

Kindi anasema nimpigie Bi Mkunga nimuulize alisema nini, kuna ubaya gani. Labda alinisamehe. Labda alinilaani, na hilo pia ningependa kulijua. Namba yake ninayo. Lakini nikimpigia itabidi nimwambie kwamba hata siku ile, baada ya yote tuliyozungumza chumbani kwake, aliniambia neno lake la mwisho na mimi nikaitikia kama mtu aliyesikia. Huwa naishika simu, natafuta jina lake, halafu nairudisha mfukoni.